Dabo la Mama Mkwe

Baba mkwe alipofariki, watu wa Kebirigo walikuja matangani, wakaimba, wakala, wakarudi makwao, na mama mkwe akabaki na tatizo ambalo hakuna mtu kanisani aliyelifikiria. Meza yake ya bridji ilikuwa imebaki na watu watatu.

Bridji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja ameketi mkabala na mwenzake. Mama mkwe, muuguzi mstaafu, alifundishwa mchezo huo na masista wa hospitali ya misheni alikoanzia kazi. Yeye akamfundisha mumewe, na kila Jumapili baada ya misa walicheza na majirani zao, mwalimu mkuu mstaafu na mkewe. Mke wa mwalimu ni Msabato. Zamani aliamua kwamba karata bila pesa si kamari, na kwamba Jumapili si Sabato, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na neno.

Mimi ni mpima ardhi mjini Nyamira. Bridji nilijifunza kidogo nikiwa chuoni, na siku moja nililitaja jambo hilo mbele ya mke wangu. Aliporudi kutoka kwao akaniambia, "Mama anasema Jumapili uende. Na ubebe miwani."

Kwetu Gusii, mwanamume na mama mkwe wake wana heshima yao, tunaiita chinsoni. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawaketi karibu, na neno la maana likiwepo hupitia kwa mtu mwingine. Tangu nioe, mama mkwe na mimi tulikuwa tumezungumza juu ya mvua, na mara moja juu ya ng'ombe aliyekataa kunyonyesha. Sasa nikakalishwa kwenye kiti cha marehemu, uso kwa uso naye, magoti yetu yakiwa chini ya meza moja ndogo. Nilijiokoa kwa kuangalia kitambaa cha meza. Kilikuwa kimetariziwa ndege, na ndege wale nawafahamu mmoja mmoja.

Tulianza vizuri. Kisha likaja dabo.

Kabla ya karata kuchezwa, huwa kuna kama mnada. Kila upande unataja mizunguko mingapi juu ya sita utashinda, na aina gani ya karata itakuwa turufu. Ukiona wapinzani wamejitwika mzigo mzito, unasema "dabo", na alama zinapanda: wakianguka wanaanguka vibaya, wakifaulu wanafaulu sana. Siku ile mama mkwe alifungua kwa shupaza. Mwalimu akataja kopa. Mimi nikaunga mkono shupaza, mke wa mwalimu akapandisha kopa hadi tatu, na mama mkwe akasema, kwa sauti ya wodini, "Dabo."

Nilikuwa na shupaza nne na kopa moja tu, ndogo, karata za kuendelea na shupaza yetu. Lakini mama mkwe alikuwa ameongea. Mtu mzima akisema dabo, mimi ni nani? Nikapita, yaani sikutaja kitu, dabo likabaki.

Mwalimu alifaulu bila hata kuvua koti. Mama mkwe alizikusanya karata, akazipanga kingo zake sawasawa, akaniuliza kama mvua imefika Nyamira.

Jumanne mke wangu alimaliza kuongea na simu akanijia jikoni. Yeye hachezi karata wala hazipendi. "Mama amesema nikuambie kwamba dabo lake si amri. Ni swali." Akanitazama. "Dabo ni nini? Mmegombana?"

Nilimweleza kwamba kuna dabo la kuadhibu, ambalo halina mjadala, na kuna dabo la kushirikiana. Hilo la pili lina maana kwamba mwenzako ana nguvu kiasi, hana uhakika, na anakuachia wewe uamue: ama upite mwaadhibu wapinzani, ama urudi kwenye karata yenu mwendelee.

"Kwa hiyo anakuuliza ana kwa ana, mezani," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe unajibu?"

"Ndiyo."

"Basi mimi naletewa ujumbe wa nini?"

Nilikuwa nimeelewa jambo moja: swali, si amri. Tangu hapo, kila mama mkwe alipopiga dabo, nilirudi kwenye karata yetu. Kumwachia mama mzima abebe dabo peke yake niliona ni utovu wa heshima. Tulianguka Jumapili baada ya Jumapili. Mke wa mwalimu, ambaye ni mtu wa huruma, alianza kutuletea ndizi.

Ujumbe wa pili ulifika siku ya soko. "Mama anauliza," mke wangu akasema, akiwa bado na kikapu mkononi, "kama huwa unaangalia karata zako, au unamwangalia yeye."

"Mwambie simwangalii kabisa."

"Nilishamwambia hivyo. Akasema marehemu baba alikuwa akiangalia karata zake."

Hilo liliniingia. Kumbe nilikuwa nikijibu umri wake, cheo chake, kiti nilichokalia. Swali lenyewe sikuwahi kulijibu.

Baadaye wachezaji wachache wa Kisii mjini walitualika kwenye ukumbi wa hoteli moja. Mama mkwe alivaa suti yake ya Pasaka. Tulicheza mchana kutwa, na katika mchezo wa mwisho tukakutana na wanasheria wawili wenye kalamu nzuri. Mnada ukaenda vilevile: shupaza kwake, kopa kwao, shupaza kwangu, kopa tatu kwao.

"Dabo," akasema mama mkwe.

Nikaangalia karata zangu. Shupaza tatu tu safari hii. Kopa tatu, kubwa kati yake ikiwa jeki. Esi ya uru. Huo ni mkono wa kuzuia watu, si wa kukimbia. Nikahesabu tena, kisha nikapita. Sikupita kwa heshima. Nilipita kwa sababu ilikuwa sahihi.

Wanasheria wakafaulu. Kwini ya pau, ambayo kwa haki ya Mungu ingekuwa kwangu, ilikuwa kwa mama mkwe, mahali pa kunaswa, na mzunguko wa tisa, waliouhitaji, ukawaangukia kama embe bivu. Walipeana mikono. Tukawa wa mwisho kasoro mmoja.

Niliangalia meza. Haikuwa na kitambaa, wala ndege. Sikuwa na pa kuweka macho, nikayainua, na mama mkwe alikuwa ananitazama.

"Ulikuwa na jeki ya kopa?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Na esi ya uru."

"Na shupaza tatu."

"Tatu tu."

Akafikiri. "Ulifanya sawa, baba. Kesho wakituletea karata hizohizo, pita tena." Kisha akacheka, kicheko kifupi kikavu ambacho sikujua anacho, akafungua mkoba akanipa peremende.

Mwanasheria mmoja alitutazama kwa wasiwasi, kama mtu anayeshuku amehesabu alama vibaya.

Tangu siku ile mama mkwe hatumi ujumbe. Ananiambia makosa yangu palepale mezani, kwa Kiswahili na Kiingereza, akisema Ekegusii haina maneno ya kutosha. Na makosa ni mengi. Katikati ya wiki hunipigia simu mwenyewe kuniuliza ningefanya nini kwa mkono fulani alioukumbuka, na mke wangu akisikia hutoka nje kuangalia kuku.

"Yale mambo ya heshima yaliishia wapi?" alimuuliza mama yake Krismasi iliyopita.

"Yapo," mama mkwe akamjibu, akiwa anachanganya karata. "Kwani umeona nikimpa mkono?"