Tairi la Nyuma

Harufu ya gundi ya kuzibia pancha hainipiti hivi hivi. Juzi nilikuwa nikipita Shella, nikamkuta kijana amepindua baiskeli magurudumu juu, anakwangua mpira kwa msasa, na kichupa cha gundi kiko wazi pembeni. Nikasimama pale kama mwenye shughuli, na baiskeli wala sina.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, nasi tukikaa Mambrui. Nilizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, na shule ilikuwa mbali, kwa hiyo kila asubuhi nilipakiwa kwenye keria, nyuma ya kiti cha baiskeli yake, juu ya mto alionishonea kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Kipande cha kanzu ya huyu, kipande cha leso ya yule. Nilikalia mji mzima. Mwanzo wa safari ulikuwa lami. Baadaye ikaja njia ya mawe ya matumbawe yenye makali, na hapo meno yangu yaligongana mpaka langoni mwa shule.

Siku moja tulisimama kwa Athmani, fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu. Akalipapasa tairi la nyuma kwa kidole gumba. Lilikuwa limelika, limebaki laini kama sahani.

"La mbele bado zima," akamwambia baba. "Hili la nyuma ndilo linalowabeba nyote wawili. Mzigo unaukandamiza mpira kwenye mawe, unasagika. Na uzito ukizidi kidogo tu, kulika kunazidi sana. Nawe mtoto wako anakua."

Baba akamuuliza kama lingefika mwisho wa mwaka. Athmani akanitazama mimi badala ya kulitazama tairi. Jipya hatukuwa na uwezo nalo. Hilo nililijua bila kuambiwa.

Basi nikaamua kutokua. Asubuhi mahamri yangu niliyapitisha chini ya meza, kwa paka. Jioni nikasema nimeshiba kabla sijaanza. Kwenye keria nilishusha pumzi zote kabla ya kufika kwenye mawe, nikiamini hewa nayo ina uzito, na mara moja nusura nizimie. Njaa iliniuma, lakini hofu ya kubaki nyumbani iliniuma zaidi. Niliipenda shule.

Paka ndiye aliyenifichua. Alinenepa hata mama akaanza kumtilia shaka, na asubuhi moja akainama chini ya meza.

"Mwanangu, mbona hula? Waumwa?"

Nikaangua kilio. Nikamwambia nikinenepa tairi litakwisha, na tairi likiisha sitasoma tena. Baba alikuwa mlangoni anavaa ndara zake. Akazivua, akarudi kuketi karibu yangu, akanimegea hamri kwa mkono wake.

"Kula, mama," akaniambia. "Tairi niachie mimi."

Siku ile ile akampelekea Athmani baiskeli, la mbele likahamishiwa nyuma na la nyuma mbele. Na tangu hapo, tukifika mwisho wa lami, baba alishuka. Aliisukuma baiskeli kwa mkono mpaka shuleni, mimi juu ya mto wangu kama bi harusi.

"Umechoka, baba?" nilimuuliza.

"Nanyoosha miguu. Fundi cherehani hukaa mchana kutwa."

Nikamwamini, tena nikamwona mvivu kidogo. Mwisho wa mwaka ulifika na tairi bado linazunguka. Sikukuu moja nilizikuta ndara zake mlangoni, visigino vimetoboka, na ndani ametia vipande vya boksi. Nikacheka, nikamwambia mama kwamba baba hajui kutunza viatu. Mama hakucheka.

Pale Shella ndipo hesabu ile iliponikalia sawa. Mawe ya njia ile yalikuwa yale yale, nami nilizidi kuwa mzito. Baba alikuwa ameutoa uzito wake kwenye tairi ili mimi niweze kula, na mawe yakaenda kumlia ndara. Nilijisikia kulia mbele ya kijana wa watu.

Nikaenda moja kwa moja hadi Mambrui. Nilimkuta baba barazani anatunga uzi, macho ameyakunja.

"Shikamoo, baba. Zile asubuhi za shule, kweli ulikuwa ukinyoosha miguu?"

Aliupitisha uzi kwenye tundu la sindano kwanza.

"Marahaba," akasema. "Umekula?"