Jani la Sale kwa Mwalimu Saumu

Nimeandika na kufuta mara tatu. Bado nasubiri Deo apite hapa kwenye comments aniambie, kwa jina tuliloitana, "Mangi, umekosea spelling."

Hatapita. Mwalimu Deo, rafiki yangu na mwenzangu wa idara ya kemia pale chuoni, alifariki Jumatatu asubuhi. Presha. Shati la kazini alikuwa ameshalipiga pasi mwenyewe. Jumamosi tunampeleka kwao, kijijini Mkuu, kumzika.

Wengi mnamjua kama Mwalimu Saumu. Kila mwaka, kipindi cha kwanza cha lile kundi la kaboni liitwalo allyl, aliingia na punje ya kitunguu saumu, akaiponda juu ya meza, akasubiri mpaka aliyekaa nyuma kabisa akunje pua. Ndipo anawaambia kwamba jina la allyl limetoka humo humo kwenye saumu, na mkirudi nyumbani mtaulizwa mmekula wapi.

Mimi allyl naijua kwa kukariri. Deo aliijua kama alivyokijua kihamba cha baba yake, lile shamba la migomba.

Aliieleza hivi: kaboni tatu ni nyumba tatu mfululizo. Mbili zimeshikana kwa bondi mbili, ya tatu ni jirani, na klorini imepanga kwa huyo jirani. Klorini ikihama, bondi nayo haitulii. Pengo linagawanywa kati ya nyumba ya mwanzo na ya mwisho, na mgeni anaweza kuingia huku au kule.

"Umebisha hodi kwa Shirima," alikuwa akisema, "amefungua Tarimo."

Sasa niseme kilichonileta, maana sikuja kusifu tu.

Muhula uliopita nilikuwa moderator, mkaguzi wa usahihishaji, wa mtihani wake. Swali la nne: kampaundi ya allyl yenye klorini, na kaboni ya ziada upande mmoja, ikiwekwa kwenye maji, inatoa nini? Marking scheme ya Deo ilisema vitu viwili. Mimi nikasema kimoja, maji yanakaa pale pale klorini ilipotoka, basi. Nikakata cha pili kwa kalamu nyekundu mbele ya kikao kizima, na utani juu: hiki umekitoa kwenye pombe ya mbege?

Watu walicheka. Deo naye alicheka, kidogo.

"Angalia tena, Mangi," akaniambia. "Mimi unikate tu. Hawa watoto wamejibu nilivyowafundisha."

Sikuangalia. Nilikuwa mkubwa wa kikao, na nilikuwa na njaa.

Binti mmoja wa Mabogini, Anjela, alikuwa ameandika vyote viwili na mishale akaichora vizuri kuliko ninavyochora mimi. Swali zima likapotea. Akapata sapu, mtihani wa marudio, akarudi nyumbani.

Wiki mbili baadaye roho ikanisumbua. Siku Deo hayupo nikaingia lab, nikaichanganya ile kampaundi na maji mwenyewe, nikaipima kwa TLC, kibao kidogo kinachotenganisha vitu kuwa madoa. Kipimo hicho hakina siasa: kitu kimoja, doa moja.

Madoa mawili.

Nikabadilisha chupa, nikarudia. Mawili. Nikakificha kile kibao kwenye droo, nikaenda kunywa chai na Deo. Tuliongea habari za ndizi.

Sisi huku ukimkosea mtu humwendei mikono mitupu. Unachuma jani la sale, ule mmea wa mpakani mwa kihamba, unampelekea. Akilipokea, yameisha. Nami kila wiki nilikuwa na sababu: mvua, harusi, gari. Ukweli ni aibu tu. Mtu mzima, na kitambi hiki, nabeba jani kama naenda Jumapili ya Matawi!

Jumapili baada ya misa nikalichuma hatimaye, nyuma ya nyumba hapa Njoro. Jumatatu nikaja nalo kazini kwenye begi. Simu ya msiba ilinikuta getini.

Juzi nilienda nalo msibani, limeshaanza kujikunja. Nikamweleza mkewe, Mama Rita, kila kitu, nikamwomba alipokee kwa niaba. Aliliangalia, mikono yake ikabaki kwenye khanga.

"Shemeji, Deo hakuwahi kulalamika kwamba umemkata," akasema. "Alilalamika kwa ajili ya yule binti. Mpelekee yeye."

Nikamuuliza nitamwambia nini mtoto wa umri ule.

"Hayo hayo uliyoniambia mimi."

Jana asubuhi nikashuka Mabogini. Anjela alikuwa kwenye mpunga na mama yake. Akaniamkia shikamoo, nikaitika. Nikamwambia yote, mama yake akisikia. Nikatoa jani.

Alifuta tope kwanza, akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akauliza.

"Mwalimu Deo alijua kwamba umeona madoa mawili?"

Hapana, nikamjibu. Hakujua.

Akatazama maji. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Barua yangu na kile kibao viko ofisi ya mitihani tangu jana mchana. Karatasi zote za swali la nne zitasahihishwa upya. Nimeandika jina langu wazi, nani alikosea na nani alikuwa sahihi.

Lakini wewe hujui, Deo. Hicho ndicho kinachoniuma.

Nimebisha hodi kwako nimechelewa. Amefungua Anjela.

Jumamosi nakuja na jani jingine, bichi. Najua huwezi kunyoosha mkono. Nitaliweka tu.

Lala unono, Mwalimu Saumu. Vilikuwa viwili.