Matawi Niliyoyatupa Sekenke

Kabla hujaniuliza nilikuwa nimekunywa nini, nikwambie kabisa: sinywi, sivuti, na ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, jua linawaka. Watu wanadhani mambo haya ni ya usiku. Mimi yalinikuta mchana kweupe, juu ya lami, helmeti kichwani. Usipoamini shauri yako, ila nisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa pampu za visima, naishi Utemini, Singida mjini. Miaka mingi nimezunguka vijijini na pikipiki ndogo hizi za kawaida mpaka mgongo ukachoka. Mwaka juzi nikajinunulia pikipiki kubwa ya safari, mpya, ina masanduku ubavuni na kioo cha kuzuia upepo mbele. Jamani! Nilikuwa naamka alfajiri kwenda kuiangalia tu. Mke wangu akawa ananitania, eti nimeoa mke wa pili bila kumtaarifu.

Safari yake ya kwanza ndefu ilikuwa ya Mwanza. Dada yetu alikuwa amejifungua, nikapanga twende kumwona mtoto, mimi na mdogo wangu Elia, yeye na pikipiki yake ya zamani. Elia nimemlea mimi tangu baba afariki. Kuendesha nimemfundisha mimi, kwenye uwanja wa mpira, akianguka nacheka, akilia nambembeleza. Kwa hiyo ukisikia nasema mdogo wangu, elewa ni kama mwanangu.

Mpaka Iguguno tulikwenda sambamba. Tukanywa chai, tukaendelea. Tulipofika Misigiri tairi lake la nyuma likawa limelegea, akatafuta fundi wa kuziba pancha.

"Kaka, wewe tangulia," akaniambia. "Tukutane Shelui."

Ungekuwa wewe ungemsubiri, si ndiyo? Mimi nilifurahi. Nilikuwa nakufa kwa hamu ya kuifungulia ile pikipiki bila mtu wa kumwangalia nyuma.

Nikafika mlima Sekenke, pale barabara inapoanza kuteremka kwa kona kona. Kabla ya kona moja kali nikaona matawi kwenye lami. Unajua desturi ya barabara zetu: gari likiharibika, utingo anakata matawi mabichi, anayapanga nyuma ya gari kwa umbali ili anayekuja apunguze mwendo. Nikapunguza. Nikapita kona taratibu, nikitegemea lori. Hakuna lori. Nikashuka mpaka kona ya pili. Hakuna kitu, hata doa la oili.

Sasa mimi nina ugonjwa mmoja: hasira za karibu. Na hakuna kinachonichefua kama madereva wanaotengeneza gari lao, wanaondoka, halafu wanaacha matawi na mawe barabarani. Nikageuza, nikapanda tena, nikapaki. Nikayaokota yale matawi moja moja nikayatupa mtaroni, huku nasema peke yangu, "Watu wabinafsi hawa! Washenzi kabisa!"

Nilipoinua kichwa, mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya mtaro. Shati la kaki, kandambili za matairi, panga mkononi lina utomvu. Sikumwona akija.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Kimya. Hebu niambie wewe, huku kwetu umeshaona mzee asiitikie shikamoo? Hata akiwa na kesi na baba yako, ataitikia kwanza ndipo akutukane. Huyu alinitazama tu, na jua lile la usoni wala hakukunja macho.

"Kwa nini unayatoa?" akauliza.

"Mbele hakuna gari, mzee. Nimekwenda mpaka kule chini, nimerudi."

"Bado halijafika," akasema. "Yarudishe."

Alisema kwa upole tu, kama mtu anayekuomba umpishe apite. Mimi nikaona huyu ana matatizo ya kichwa. Nikamwambia, "Mzee wangu, barabara si shamba lako," nikavaa glavu. Nikageuka nimuulize anaishi wapi, maana hapo hakuna nyumba. Hakukuwa na mtu. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Angepita wapi? Nikajiambia kaingia vichakani kujisaidia. Lakini nikuambie ukweli, nilipowasha pikipiki sikutazama kioo cha nyuma.

Nikafika Shelui, nikakaa kunywa chai kwa mama mmoja anayekaanga chapati kando ya barabara. Nikaanza kumsimulia nikicheka, kwamba nimekutana na kichaa anapanga matawi kwa ajili ya gari ambalo halijafika. Yule mama aliacha chapati ikaungua.

"Ulimwamkia?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Akaitikia?"

"Hapana."

Akafuta mikono kwenye kanga. "Yule alikuwa utingo. Aligongwa palepale akipanga matawi, sisi tukiwa wadogo. Baba, madereva wa huku wakikuta matawi yake wanapaki wanasubiri. Nyuma yako kuna mtu?"

Nyuma yangu kulikuwa na Elia.

Nikapiga simu. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena. Mtu aliye juu ya pikipiki atapokeaje simu? Sikumbuki kama nililipa chai. Niliupanda ule mlima kama mwizi anayekimbizwa, naomba Mungu kwa sauti ndani ya helmeti, "Mtoto wangu, Bwana, nihurumie mtoto wangu," naahidi nitayarudisha matawi yote, hata kwa magoti.

Nilichelewa. Baada ya ile kona, upande wa kuteremka, lilikuwa limesimama lori la mizigo, breki zimeshika zenyewe. Chini ya bodi lake, nyuma, ilikuwa pikipiki ya Elia. Mwenyewe alikuwa amelazwa pembeni, ana fahamu, analia ananiita.

Utingo wa lile lori, mtu mzima mwenye watoto, alinijia. "Tulikuwa hatujamaliza hata dakika mbili tangu tusimame, kaka," akaniambia. "Nilikimbia na panga nikakate matawi. Nikayakuta yameshakatwa, yapo mtaroni. Nimeinama kuyaokota, pikipiki ikapita."

Alikuwa bado ameyashika. Nikatazama yale matawi, nikatazama mtaro.

Elia alipona, ila mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Dereva na utingo wake walionekana wazembe kwa kutokuweka alama, wote wawili wakapoteza kazi. Nilikaa kwenye chumba cha polisi wakati wanaulizwa. Utingo alirudia maneno yake yaleyale kuhusu mtaro, watu wakaguna, nani angeamini? Mimi ningeweza kusema sentensi moja tu. Nikatazama sakafu.

Ile pikipiki niliiuza kabla haijafikisha hata mwezi. Siku hizi Elia ana duka la vipuri, na kila mteja anayemuuliza habari ya mguu, anamsimulia habari ya utingo mvivu wa Sekenke, anamlaani yeye na uzao wake. Mimi nakaa pale kwenye benchi, nasikia. Akimaliza ananigeukia, "Bila kaka yangu huyu kurudi kunifuata, ningefia mlimani." Halafu ananinunulia soda, nami nainywa.

Kwa hiyo wewe unayepita barabara zetu, ukikuta matawi kwenye lami na mbele hakuna kitu, usijifanye msafi. Punguza mwendo, paki, subiri, na yaache palepale yalipo. Anayeyahitaji anaweza kuwa ndiye yule uliyemwacha nyuma.

Na Elia, mdogo wangu, najua haya yatakufikia. Yule utingo hana kosa. Ni mimi.