Sehemu Yangu, Kutoka Barabarani Hadi Mtoni

Enzi zetu hukuulizwa unatoka kijiji gani. Uliulizwa unateremkia mto gani. Ukishautaja mto, watu walijua kilima chenu, ukoo wenu, na pengine hata namna mama yako anavyopika mboga. Kwetu, mbele kidogo ya Kebirigo, nyumba hazikukusanyika pamoja. Barabara ilipita mgongoni mwa kilima, mto ukapita chini, na kila boma lilikuwa na ukanda wake wa ardhi ulioanzia barabarani ukashuka hadi majini. Juu majani chai, halafu nyumba na migomba, halafu mahindi na wimbi, halafu nyasi za nepia za ng'ombe, na chini kabisa mikaratusi na tope. Mtoto wa miaka mitano aliijua jiografia hiyo kwa nyayo.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alipotufundisha makazi ya vijijini na mijini, alichora vitone ubaoni: vilivyotawanyika, vilivyojipanga, vilivyosongamana. Akatuagiza kila mmoja achore kwao. Mimi nilichora mstari mmoja mrefu toka juu ya ukurasa hadi chini. Akaniuliza, "Kemunto, nyumba ziko wapi?" Nikamjibu kwamba hiyo ni njia yetu, na nyumba ziko kandokando. Nilipata sifuri. Mimi ni mkaidi tangu utotoni, kwa hiyo sikuufuta.

Njia yenyewe ilikatiza katikati ya shamba letu, na ilikuwa na wapitaji wengi kwa sababu chemchemi nzuri ya kilima kile ilikuwa chini, mwisho wa ukanda wetu. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake. Nyumba nyingi za pale zilikuwa za Wasabato, na Sabato hakuna kuteka maji wala kuchanja kuni, basi Ijumaa alasiri kilima kizima kiliteremka kwetu na mitungi. Akina mama walipanda na maji kichwani wakiongea bila kushika mtungi. Sisi watoto tulikalia magome ya mgomba tukateleza hadi chini, matope yakaingia hadi masikioni. Mama alitupigia kelele kutoka jikoni, "Rarueni hizo nguo! Kesho mtaenda kanisani na ngozi zenu!" Kabla jua halijatua tulikuwa tumenawa miguu, mboga ya chinsaga ilishachemka na kutiwa maziwa, ugali wa wimbi umefunikwa. Hadi leo nikinusa majani ya mgomba yaliyolowa, njaa inanishika.

Baba hakumkataza mtu kupita. Tulikuwa wanne, kaka zangu watatu na mimi, na alikuwa na msemo mmoja aliourudia kila alipopogoa chai: "Kila mtoto wangu aione barabara na aoge mtoni." Ndivyo ardhi ilivyogawanywa kwetu tangu zamani, kwa urefu. Hakuna aliyepewa juu peke yake au chini peke yake. Ukanda ulizidi kuwa mwembamba kila kizazi, lakini kila mtu alikuwa na pa kuingilia na pa kuteka maji.

Baba alifariki, na ukanda ukabaki bila kugawanywa kwa miaka mingi. Wakati huo maduka ya Kebirigo yalianza kutambaa kando ya barabara. Duka la vipuri, kinyozi, kisha jengo la ghorofa mbili lenye vioo vya buluu, na mbele yake ng'ombe amefungwa. Mimi mwenyewe nilihamia Kisii mjini, ghorofa ya nne. Jirani yangu tumetenganishwa na ukuta. Namjua kikohozi, simjui jina.

Mwaka juzi kaka yangu mkubwa, Nyakundi, akatuita nyumbani. Alisema ukikata kwa urefu, kila mtu atabaki na kichochoro. Yeye alitaka tukate kwa upana. Achukue juu, barabarani, ajenge vyumba vya kupangisha. Mogaka achukue katikati yenye chai. Kitinda mimba wetu, Onchari, abaki chini na nyumba ya Mama. Kwa hesabu ya vipande, hakukuwa na ubaya. Kila kipande kilikuwa sawa na kingine.

"Na njia?" Onchari akauliza.

"Siku hizi nani anateka maji mtoni? Kila mtu ana tangi," Nyakundi akasema. "Mkitaka kupita, si mtaniomba tu? Mimi si ndugu yenu?"

Mama alikuwa akichambua chinsaga. Hakuinua kichwa. "Nyakundi, mwanangu, siku nikifa wageni watanijia kwa njia gani? Watapita juu ya mabati yako?"

Nilimtazama mama yangu, aliyefika kwenye boma hili kama bibi harusi kwa njia ile ile, na nikaumia. Alikuwa akielekea kuwa mtu wa kuomba ruhusa ili atoke kwake aende kanisani.

Siku hizi sheria inampa binti sehemu. Kaka zangu walilijua hilo, na nadhani walikuwa wakingoja kwa wasiwasi niseme nataka wapi. Nikawaambia kateni kwa upana kama mnavyotaka. Mimi nipeni njia. Upana wa kupishana wanawake wawili wenye mitungi, na wa kupita jeneza moja, kutoka barabarani hadi chemchemi, na iandikwe kwa jina langu.

"Dada, huwezi kujenga hapo," Mogaka akasema.

"Najua."

Nyakundi akainuka akaenda kutafuta kamba ya kupimia. Mama aliendelea na mboga zake, ila aliniongezea maziwa kwenye chai bila kuulizwa.

Enzi zetu ukimwelekeza mgeni ulimwambia, "Ukifika kwenye mkaratusi uliopigwa na radi, teremka." Watoto wa leo bila kutumiwa pini ya ramani kwenye simu hawawezi hata kufika kwa nyanya yao. Juzi tulikuwa tukishuka, mimi na binti ya Nyakundi, simu mkononi mwake. Vyumba vya baba yake vinaonekana kwenye ramani, pamoja na rangi ya mabati. Njia haipo.

"Shangazi," akaniuliza, "kwani wewe shamba lako liko wapi?"

"Unalikanyaga," nikamwambia.