Wimbo wa Josho Kabla ya Kuanua Matanga

Saa moja asubuhi, mwaka 1953. Ng'ombe wa shamba moja la mzungu nje ya Kitale wamesongamana mbele ya josho, na mchungaji wao, Jotham Nyongesa, hajaanza kuwaimbia.

Kila wiki lazima waogeshwe dawa ya kupe. Ng'ombe huogopa kutumbukia, ndiyo maana huimbiwa. Wakisikia nyuma yao sauti wanayoijua, huingia mmoja mmoja.

Wiki iliyopita hawakuimbiwa. Jotham na ndugu yake Eliakim walikuwa wametoka kumzika baba yao, na kwao mfiwa haimbi mpaka matanga yaanuliwe.

"Hapakuwa na chui, wala radi," Jotham anasema. "Wote waligeuka mara moja."

Eliakim alikuwa langoni. Walimkanyaga, akafa papo hapo.

Katika mazishi ya Eliakim huko Bungoma, shemeji yao, Mwalimu Hiram, alimweleza Jotham kwamba Waingereza huiita hofu ya namna hiyo 'panic'. Neno lenyewe limetoka kwa Wagiriki wa kale. Walikuwa na mungu wa wachungaji aitwaye Pan, nusu mtu nusu mbuzi, na walisema ndiye aliyeitia mifugo hofu isiyo na sababu.

"Ati mungu wa wachungaji anaua mchungaji?" Jotham aliuliza. "Huyo ni mungu gani, shemeji?"

"Ndiyo maana hawamwombi tena."

Mwenye shamba ameshaonya: ng'ombe wakitawanyika tena, Jotham atahama na mke, watoto na ng'ombe wake wanane. Hana shamba kwingine.

"Imba, bana!" nyapara Kipruto anamfokea.

"Matanga ya ndugu yangu bado."

"Na yako tuanze leo?"

Ng'ombe wa mbele anarudi nyuma. Masikio ya wengine yamesimama. Jotham anaanza kuimba, sauti ikikwaruza, akiwaita kwa majina. Wa kwanza anatumbukia. Wa pili anamfuata. Hakuna anayeumia.

Kipruto anacheka kwa nafuu. Jotham hacheki. Jumamosi atakwenda Bungoma kumwambia Nasimiyu, mjane wa Eliakim, kwamba ameimba, kabla hajaambiwa na wengine.

"Akinifukuza nitakaa nje mpaka anisikilize," anasema. "Ajue sikuimba kwa furaha. Josho lingine ni Jumanne. Naomba tu asinikataze kuimba."