Mashine Iliyokula Pilau ya Dada Zaina

Nacheka mwenyewe kabla hamjanicheka, maana hapa Rumonge hata watoto wa chekechea wakiniona wananguruma kama injini, na mimi nikiwa na aibu za kugawia kata nzima bado nikabaki na za kwangu.

Ilikuwa mwaka wa uhuru, wiki ile ya sherehe, na serikali ilikuwa inaleta mashine ya kuvuna ije ipite mbele ya watu ili tuone nchi inakokwenda. Ikashuka kwa barabara ya ziwa kutoka Bujumbura, nyekundu, kubwa kama nyumba ya padri, na ilipofika kijijini kwetu Gatete shoferi wake, Bwana Damasi, akasimama kununua ndizi. Akasimama pembeni ya shamba la mpunga la bibi yangu. (Angesimama mbele kidogo tu, leo ningekuwa mtu wa heshima.)

Sasa mimi nilikuwa nimesoma. Monsieur wetu wa shule alikuwa na magazeti ya kilimo kutoka Ulaya, na mimi mashine za kuvuna nilizijua kama wengine wanavyojua wajomba zao. Nikapanda juu ya tuta, nikawaambia vijana waliokusanyika kwamba hii nyekundu ni ya ukoo wa Kanada, ukoo ambao juzi juzi umeoana na ukoo mmoja wa kijivu wa Waingereza, watu wa trakta. Kwamba zile za kijani za Amerika ni ukoo mwingine kabisa, wasichanganye. Kwamba Wajerumani walianza na vyuma vya kufunga mafundo ya majani ndipo wakafika kwenye kuvuna, na ya kwao ya zamani ilivutwa na trakta kama mbuzi, wakati Wabelgiji ndio wa kwanza kule Ulaya kuunda ya kutembea yenyewe.

"Na hii inakata mupunga?" akauliza mmoja.

Hapo ndipo ningesema sijui. Ukurasa wa mpunga sikuwahi kuuona, Monsieur alikuwa ameufungia karanga.

"Mupunga ni nini?" nikasema. "Ni ngano inayopenda kuoga."

Vijana wakamgeukia Damasi, wakaanza kumchokoza: mashini yako iko ya kutembeza tu, kama jogoo wa sokoni. Damasi alikuwa amevaa glavu nyeupe kwa ajili ya sherehe na hakupenda kuitwa jogoo. Akaniuliza, "Weye mwanafunzi, una hakika?" Nikamwambia nina hakika kuliko aliyeitengeneza.

Mpunga ule, niwaeleze, ulikuwa wa harusi. Dada yangu Zaina alikuwa anaolewa Ijumaa, wakwe wanatoka Minago, na Bibi alikuwa ameulinda na ndege msimu mzima ili wale pilau wakasimulie kwao. Bibi mwenyewe alikuwa ameenda kupima nguo.

Basi mashine ikaingia. Ikakata vizuri, nasema kweli, mistari kadhaa, mpunga ukapanda ndani, tumbo likajaa, mimi napunga mkono kama waziri. Halafu ikamfikia mtu wa majani tuliyemsimamisha kutisha ndege, aliyevaa kanga kuukuu ya Bibi, ikammeza mzima, na vipande vya kanga vikatokea nyuma. Mwanamke aliyekuwa njiani akaona kanga tu. Akakimbia kuelekea ziwani anapiga mayowe kwamba mashini imekula bibi wa Shabani. (Shabani ni mimi.)

Wakati huo huo mashine ikaanza kuzama. Nilikuja kujua baadaye kwamba zile za mpunga zinavalishwa minyororo badala ya matairi, kama vifaru vya vita, ili zisididimie, na ngoma yao ya kupuria ndani ina meno, siyo fito. Yetu ilikuwa na matairi. Damasi akavua glavu taratibu, akaniangalia, matope yakafika kwenye ngazi.

Wavuvi wa kokoro wakafika wanakimbia na kamba zao kuja kumtoa marehemu, na nyuma yao akafika marehemu mwenyewe, na nguo ya harusi begani. Walipomaliza kumshangaa wakafunga kamba kwenye mashine, kapita wao, yaani msimamizi wao, Baba Feruzi, akaanza kuita, wakajibu, wakavuta kama wanavyovuta wavu, mamia ya miguu ndani ya mpunga uliobaki, hadi ikatoka.

Baba Feruzi akajipangusa jasho, akamsalimu Bibi. "Amahoro, mama. Sasa tugawe."

"Mugawe nini?"

"Iko ndani ya tumbo yake. Mwenye kushika kamba anapata fungu."

Nikasema hiyo ni sheria ya ndagala, dagaa wa ziwani, siyo ya mpunga. Bibi akanikata: "Nyamaza. Babu yako alipokufa, ni mafungu ya kamba ile yalikulisha." Akawashikia mwenyewe vikapu wakati Damasi anafungulia tumbo la mashine, mpaka likabaki tupu.

Mashine ikaenda kwenye sherehe ikiwa rangi ya udongo. Kona iliyonusurika niliivuna peke yangu kwa kisu, nikaipura kwa miguu, nikaipepeta, huku vijana wanakaa tutani wanauliza huyu ni wa Kanada au wa Ujerumani.

Ijumaa pilau ilitosha wazee tu. Waliobaki wakala ubugali na ndagala, na baba mkwe akauliza kwa upole, kwa wasiwasi pia, kama nyumba hii iko na shida. Zaina akainamisha kichwa chini ya mtandio. Bibi akaninyooshea kidevu.

"Iko na mutoto anajua ukoo wa mashini. Simama, Shabani, uwaeleze wageni pilau yao ilikokwenda."

Nikasimama. Nikawaeleza, kuanzia Kanada, na nilipofika kwenye ngano inayopenda kuoga baba mkwe akaweka tonge chini, akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, Zaina naye mabega yakaanza kutikisika. Harusi ikaendelea.

Tangu siku hiyo nimeapa: mtu akiniuliza habari za mashine, kwanza nitaitazama miguuni. Na nikiulizwa kama nina hakika, nitaomba ruhusa ya kwenda haja.