Pilipili kwenye birika la wudhu

Leo nusura nimpofushe mtoto wa watu.

Vidukari wameivamia sukuma wiki ya bustani ya shule tangu mvua zianze. Kwa hiyo asubuhi nikawaonyesha darasa la nne jinsi ya kutengeneza dawa: pilipili, majivu, sabuni, maji. Tukachuja vizuri. Nikatafuta chombo, nikaona birika la plastiki kando ya ukuta. Nikalijaza dawa, nikaliacha pale pale.

(Mimi si Mwislamu wala si mwenyeji. Nina miezi miwili tu hapa Garissa.)

Adhana ya adhuhuri ikalia. Nageuka, namwona Habiba, mwanafunzi wangu, amechuchumaa na lile birika, anatawadha.

"Habiba! Wacha!"

Alikuwa ameshasukutua. Akatema, akapiga ukelele, akajifuta machozi kwa mikono ile ile iliyolowa dawa.

Mpishi wetu, Mama Sahara, akaja mbio na ndoo. Akamwosha macho, akamwosha tena.

"Mwalimu, hii birika ni ya wudhu! Kila mtu anajua, wallahi!"

Kila mtu, isipokuwa mimi.

"Fungua macho, mwanangu," Mama Sahara akamwambia. Hafungui. Nikapiga magoti kwenye tope.

Mwishowe akayafungua, mekundu kabisa.

"Unaniona, Habiba?"

"Nakuona, mwalimu. Mbona unalia wewe?"

Zahanati wamesema macho ni mazima. Alhamdulillahi, nami nimeisema.

Walimu wenzangu wa huku, niambieni leo leo: kuna chombo gani kingine nisichopaswa kugusa?